Arabika au robusta, kuchemsha au kuchuja: kahawa ipi inakufaa?

Barani Afrika ni Ethiopia pekee inayoizidi Uganda kwa kuzalisha kahawa, lakini ukiingia hotelini asubuhi, iwe Kampala au Arua, wengi wameshika chai ya maziwa. Anayeagiza kahawa huulizwa na wenzake: haitakupandishia presha? Swali hilo halijibiki mpaka ujue ni kahawa gani. Kijiko cha robusta ya Masaka kina kafeini karibu maradufu ya kijiko cha arabika ya Mlima Elgon. Tena kahawa iliyochemshwa sufuriani hubaki na mafuta yanayopandisha lehemu (kolesteroli), na kahawa hiyohiyo ikipita kwenye karatasi huyaacha karibu yote. Mambo hayo mawili, mbegu na namna ya kutayarisha, yanagusa afya yako kuliko idadi ya vikombe unavyojihesabia.

Mbegu

Robusta ni mwenyeji wa hapa. Mibuni yake bado huota yenyewe katika msitu wa Kibale, na takriban asilimia 80 ya kahawa ya Uganda ni robusta: Masaka, Mukono, Luwero, Busoga, Bushenyi. Arabika hupenda milima, kwa hiyo hulimwa Bugisu na Sebei kwenye miteremko ya Elgon, Kasese upande wa Rwenzori, na Zombo na Nebbi huko West Nile.

Robusta huwa na kafeini ya asilimia 2.2 hadi 2.7 ya uzito wake, arabika 1.2 hadi 1.5. Asilimia hazipimiki jikoni, basi tumia kijiko. Kijiko cha mezani cha kahawa ya unga, kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu, hubeba takriban gramu 5. Kwa arabika hiyo ni miligramu 60 hadi 75 za kafeini, kwa robusta ni 110 hadi 135. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa kipimo mwaka 2015: mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku wala 200 kwa mara moja, na mjamzito au anayenyonyesha asizidishe 200 kwa siku nzima. Ukigeuza kuwa vijiko, mtu mzima ana vijiko 6 vya arabika au 3 vya robusta kwa siku. Mjamzito ana 3 vya arabika, au kimoja na nusu cha robusta, na afadhali aishie kwenye kimoja.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu hununua unga wa sokoni usio na lebo, na katika kanda ya kati unga huo mara nyingi ni robusta. Anatia vijiko viwili vilivyorundikwa katika kikombe kikubwa, anakunywa kabla ya kula, na baada ya nusu saa mikono inatetemeka na moyo unakimbia. Anaapa kwamba kahawa haipatani naye. Kumbe amekunywa zaidi ya miligramu 200 kwa mpigo mmoja, na angekunywa nusu ya hapo asingehisi lolote baya.

Usipime nguvu kwa uchungu wala kwa weusi. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi huwa chungu zaidi, lakini kafeini yake kwa gramu haiachani sana na ya iliyokaangwa kidogo, kwa kuwa kafeini hustahimili moto wa kikaango. Wanaochagua kahawa nyepesi kwa rangi ili walinde presha wanajisumbua bure. Wangeangalia mbegu.

Kwa upande wa mafuta mambo hugeuka. Punje ya arabika ina mafuta asilimia 15 hadi 17, ya robusta 10 hadi 11.5. Ndani ya mafuta hayo mna kemikali iitwayo kafestoli, ambayo hulifanya ini lirundike lehemu mbaya katika damu, na robusta huwa nayo karibu nusu tu ya ile ya arabika. Kwa hiyo mbegu yenye kafeini nyingi ina mafuta machache, na yenye kafeini ndogo ina mafuta mengi. Mwenye tatizo la usingizi na mwenye tatizo la lehemu hawawezi kupewa ushauri mmoja.

Kuzitambua si kazi ngumu zikiwa punje nzima. Arabika ni ndefu kidogo na mfereji wake wa katikati umepinda. Robusta ni ya mviringo na mfereji umenyooka. Kwenye pakiti tafuta jina la mahali: Bugisu, Elgon au West Nile ni arabika. Rwenzori mara nyingi ni arabika pia, ila tambarare za huko hulima robusta, kwa hiyo soma maandishi madogo. Pakiti inayosema tu kwamba ni kahawa halisi ya Uganda yaweza kuwa mojawapo au mchanganyiko. Ihesabu kama robusta mpaka uthibitishe.

Kutayarisha

| Njia | Kafestoli | Kinachoharibika mara kwa mara |
|---|---|---|
| Kuchemsha sufuriani, chujio la chai | Nyingi sana | Kuchemsha muda mrefu, kunywa mpaka mashapo |
| Birika la kioo la kubonyeza lenye chujio la waya | Nyingi | Unga laini hupenya waya |
| Espreso | Ya kati kwa kikombe, kwa kuwa kikombe ni kidogo | Kuagiza tatu mfululizo |
| Kitambaa cha pamba | Kidogo | Kitambaa kuchacha |
| Karatasi ya kuchujia | Karibu hakuna | Unga laini huziba karatasi |
| Ya papo hapo | Karibu hakuna | Sukari |

Kafeini haimo kwenye jedwali kwa sababu huyeyuka upesi majini na hupita chujio lolote. Anayechuja kwa karatasi akidhani amepunguza kafeini hajapunguza kitu, na maziwa pia hayaiondoi.

Kuchemsha sufuriani ndiyo njia ya nyumba nyingi: maji au maziwa, unga, tangawizi, dakika kumi jikoni, kisha chujio la plastiki. Kafeini yote ya maana hutoka dakika chache za mwanzo, na muda unaobaki huongeza uchungu na mafuta. Chujio la chai huzuia chembe kubwa tu. Mafuta na vumbi laini, ambalo nalo limebeba kafestoli, huingia kikombeni. Watafiti wa Norway, katika mji wa Tromsø, walikuwa wameshaliona jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980: wanywaji wa kahawa walikuwa na lehemu ya juu, na baadaye ikabainika kuwa hasa ni wale wa kahawa ya kuchemsha. Uholanzi nako mwaka 1996 watu waliokunywa vikombe vitano au sita kwa siku vya kahawa ya birika la kubonyeza kwa miezi kadhaa walipanda lehemu mbaya kwa takriban asilimia 10. Kikombe kimoja cha kuchemsha kwa siku hakina haja ya kukutia hofu. Anayekunywa vinne, miaka kumi, ana sababu ya kubadili chujio.

Ukitaka kuchuja kwa karatasi, vipimo vya watu wawili hadi watatu ni hivi: vijiko 6 vilivyosawazishwa, yaani gramu 30, kwa nusu lita ya maji. Saga unga uwe na ukubwa wa punje za sukari. Ule laini sana wa sokoni huziba karatasi, maji husimama dakika nyingi juu ya unga, na kahawa hutoka chungu. Lowesha karatasi kwa maji ya moto kwanza, umwage maji hayo, ndipo utie unga. Mimina maji kidogo, kiasi cha kulowesha unga wote, subiri nusu dakika uvimbe, kisha endelea kumimina polepole. Yote yaishe ndani ya dakika 3 hadi 4. Miongozo mingi ya nje husema usitumie maji yanayochemka, uyaache yapoe kwanza. Sisi ushauri huo hautuhusu: Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na maji huchemkia nyuzi 96, Kabale karibu na 93. Yakichemka tu, mimina.

Karatasi hazipatikani kila mji, na hapo kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa karibu ni mbadala mzuri sana. Kishone kiwe mfuko, ukichemshe dakika kumi bila sabuni kabla ya kukitumia mara ya kwanza. Kila ukimaliza kukitumia, kisuuze kwa maji matupu na ukianike juani. Sabuni huacha harufu. Mafuta yanayobaki kwenye nyuzi huchacha, kwa hiyo kitambaa kikianza kunuka hata baada ya kuchemshwa, kitupe. Kwa anayependa kahawa ya tangawizi kama inavyonywewa na Wanubi wa Bombo na Arua, hakuna kinachopotea: chemsha tangawizi na hiliki peke yake kwenye maji, kisha tumia maji hayo kumiminia unga ulio kwenye kitambaa.

Jambo la moto lenyewe wengi hulipuuza. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiondoa kahawa kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kusababisha saratani, ambako lilikuwa limeiweka mwaka 1991. Papo hapo likasema kuwa vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65, viwe kahawa au chai, huenda husababisha saratani ya umio. Saratani hiyo ni tatizo kubwa katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Kahawa itokayo kwenye chupa ya chai mara nyingi hupita nyuzi 65. Imimine kwenye kikombe kipana, usikifunike, subiri dakika tano hadi kumi. Ikikulazimu kunywa kwa kufyonza na kupuliza, bado haijafaa.

Ipi kwa nani

Mwenye presha. Miligramu 200 hadi 300 za kafeini hupandisha namba ya juu kwa wastani wa 8 hivi, kwa muda wa saa tatu au zaidi kidogo. Kwa anayekunywa kila siku kupanda huko hupungua. Chagua arabika, kijiko kimoja kwa kikombe, na usinywe kahawa nusu saa kabla ya kupimwa kliniki, la sivyo utaongezewa dawa usizozihitaji. Walio na presha ya 160/100 na kuendelea wasivuke kikombe kimoja: utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kuwa wenye presha ya kiwango hicho waliokunywa viwili au zaidi kwa siku walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa mara mbili zaidi ya wasiokunywa. Kwa waliokunywa kimoja haikuonekana tofauti.

Mwenye lehemu nyingi au kisukari. Mbegu yoyote, mradi ichujwe kwa karatasi au kitambaa na isitiwe sukari. Tafiti nyingi za kufuatilia watu kwa miaka zimekuta wanywaji wa vikombe vitatu au vinne wakipata kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi, na pia ugonjwa wa ini kunyauka na saratani ya ini. Tafiti za namna hiyo zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyowakinga. Mwenye homa ya ini ya B asidanganywe kuwa kahawa ni tiba. Dawa na vipimo viko hospitalini.

Mjamzito, na yeyote aliyepungukiwa damu, ana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kiasi: katika miezi ya mwisho ya ujauzito kafeini ambayo kwa kawaida hupungua nusu kwa saa 5 huweza kuchukua saa 15, kwa hiyo kikombe cha jana bado kimo. La pili ni madini ya chuma. Jaribio maarufu la mwaka 1983 lilikuta kwamba kahawa ikinywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa chuma kwa asilimia 39. Chai ilipunguza kwa asilimia 64, jambo ambalo wapenzi wa chai ya maziwa hawalitaji. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya chakula haikupunguza chochote, na ya saa moja baada ya chakula ilipunguza sawasawa na ya pamoja na chakula. Katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na maharage, asubuhi na kahawa pembeni basi ni mchanganyiko mbaya, hasa kwa mama. Anywe kahawa kwanza, katogo baadaye. Vidonge vya chuma vya kliniki vimezwe kwa maji au juisi ya machungwa, na kahawa ingoje saa mbili.

Mwenye vidonda vya tumbo. Kahawa haikusababisha vidonda. Wahusika wakuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen zinazonunuliwa kiholela. Ila kahawa huchochea asidi na hulegeza mlango wa juu wa tumbo, kwa hiyo kiungulia huzidi. Anza na arabika kidogo baada ya kula, ambapo ni kinyume cha ushauri wa mwenye upungufu wa damu. Mwenye matatizo yote mawili aiache kwanza mpaka apone kimoja. Kahawa isiyo na kafeini nayo huamsha asidi, isikudanganye.

Asiyelala vizuri ahesabu hivi: miligramu 200 saa 10 alasiri ni 100 zikibaki saa 3 usiku, na 50 saa 8 usiku. Mwisho wa kahawa uwe saa 7 mchana. Askari wa zamu ya usiku na dereva wa masafa hupata faida zaidi kwa nusu kijiko cha robusta kila baada ya saa mbili au tatu kuliko kikombe kizito kimoja mwanzoni mwa zamu, na wakomee saa sita kabla ya muda wao wa kulala.

Dawa: ciprofloxacin, ambayo hutolewa sana hapa, huzuia ini kuvunja kafeini, na kikombe kimoja huwa kama viwili. Aminophylline ya pumu ni ndugu wa kafeini, na madhara yao hujumlishana. Levothyroxine ya tezi imezwe kwa maji, kahawa baada ya saa moja. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango hukaa na kafeini karibu mara mbili ya muda wa kawaida. Wavutaji sigara huipoteza haraka, na akiacha sigara bila kupunguza kahawa atahangaika kwa wasiwasi na kukosa usingizi akidhani ni sigara tu inayomsumbua.

Mbadala wa dukani

Kahawa ya papo hapo ina takriban miligramu 60 kwa kijiko cha chai cha gramu 2, haina kafestoli ya kutajika, na kwa afya haina ubaya wowote zaidi ya ladha. Vile vipakiti vya tatu kwa moja ni habari nyingine: sehemu kubwa ni sukari na unga wa mafuta ya mimea, kahawa ni kidogo. Chai ya majani hutoa miligramu 30 hadi 50 kwa kikombe. Makopo ya vinywaji vya kutia nguvu ya mililita 250 mengi yana kafeini kama 80 tu, ila sukari hukaribia gramu 27, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa ibaki chini ya gramu 50 hivi kwa siku, na afadhali chini ya 25. Kwa hesabu hiyohiyo, vikombe vitatu vya kahawa vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni gramu 36. Kabla ya kuilaumu kahawa, angalia bakuli la sukari.

Robusta ya kutafuna, ile inayopikwa na majani ya harufu, ikakaushwa na kukaribishiwa wageni Buganda, ina punje mbili kwa tunda, kama miligramu 6 hivi za kafeini. Matunda kumi ni sawa na nusu kijiko cha robusta. Haidhuru.

Unaponunua

Nunua punje nzima ukiweza, usage mwenyewe au usagiwe ukiona. Unga wa rejareja huchanganywa na mahindi ya kukaanga au makumvi. Nyunyiza kijiko juu ya maji baridi kwenye gilasi: kahawa huelea kwanza kwa sababu ya mafuta yake, na nafaka iliyokaangwa huzama upesi na kuacha michirizi ya rangi. Jaribio hili si la maabara, lakini unga unaozama wote mara moja usiurudie.

Kama unanunua kiboko, yaani tunda la robusta lililokaushwa bila kumenywa, kwa mkulima ili ukaange nyumbani, tazama ilikoanikwa. Tunda lililokaushwa juu ya udongo mtupu, likanyeshewa, likafunikwa likiwa bichi, huota ukungu unaotoa sumu ya okratoksini, ambayo hudhuru figo. Moto wa kukaanga huipunguza sana bila kuimaliza. Punje zenye harufu ya gunia bovu au madoa meupe na ya kijani zikatae hata zikiwa za bei ya kutupa. Zilizoanikwa kwenye turubai au kichanja, zikakauka mpaka hazikubali kubonyezwa kwa jino, ndizo za kukaanga.

Na ukiamua kupunguza, usikate ghafla. Kichwa huanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, huzidi siku ya pili, na maumivu huweza kuendelea hadi siku 9. Wanaofunga Ramadhani hupata usumbufu huu siku za kwanza na kudhani ni njaa. Wiki mbili kabla, punguza robo ya kijiko kila baada ya siku tatu, au changanya arabika na robusta nusu kwa nusu, kisha uhamie arabika pekee, na kikombe cha asubuhi ukisogeze kidogokidogo kuelekea saa ya daku.